Moshi wa Shanga

Jumatatu, 13 Januari

Mvua tena. Jiko nimeliingiza ndani. Nimekata ndoo mbili zilizopasuka, ya bluu na nyekundu, nikaziosha, nikazikausha kwa kitambaa. Mama anapepea mkaa. Mimi nageuza vipande kwenye kikaango cha zamani mpaka vinalegea. Navuta kwa vijiti, naviringisha vingali moto, natoboa kwa spoku ya baiskeli. Shanga zikipoa mama anazitunga kwenye uzi. Hakosei ukubwa, ingawa haoni vizuri.

Mteja wa Lamadi anataka mikufu arobaini kabla mwezi haujaisha. Anawauzia wageni wanaotoka mbugani. Zamani nilitumia chupa za maji tu, zile zinajikunja zenyewe juu ya mshumaa. Moshi kidogo sana. Sasa anataka shanga nene, nzito, zifanane na za kale. Ndiyo maana naunguza ndoo na mabeseni.

Nyumba inanuka. Hata ugali ulinuka.

Ijumaa, 17 Januari

Mama anajikuna macho. Asubuhi yalikuwa yamegandana, nikamwosha kwa maji ya vuguvugu. Mekundu sana. Nimejitazama kwenye kioo, na yangu hayana tofauti.

Nimemwambia akae barazani, kazi aniachie. Amekataa. Anasema tangu baba afe na yeye kuhamia kwangu hapa Bariadi, hataki kula cha bure. Mwaka wa pili huu. Bado anajiona mgeni, bado anasema "kwangu" akimaanisha kijijini Sola.

Sikubishana naye. Kusema kweli nilihitaji mikono yake.

Jumanne, 21 Januari

Limbu, kaka yangu, amepiga simu kutoka Sola. Ana watoto wanne, na huyu mdogo, Holo, anaumwa. Ana miaka mitatu. Homa kali, anatapika. Nikasema mpeleke zahanati. Akasema wako kwa mganga kwanza. Halafu nikarudia, mpeleke leo. Akasema ndiyo, ndiyo ya mtu anayetaka kukata simu.

Mama ameuliza mara tatu kama Limbu amepiga tena. Hajapiga.

Alhamisi, 23 Januari

Holo amefariki. Walimfikisha zahanati jana jioni, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani.

Mama hajalia. Amekunja kanga zake, amekaa mlangoni na mfuko mapajani, anasubiri kesho kana kwamba basi linaweza kupita hapa uani. Nimezima jiko. Sijui niandike nini.

Jumamosi, 25 Januari. Sola

Tumemzika jana. Kaburi fupi sana.

Naandika nyuma ya ghala, sitaki kuonekana. Kuna jambo. Niliona tangu tulipofika lakini nikadhani ni uchungu wa msiba. Nkwimba, mke wa Limbu, hakuitikia salamu ya mama. Mama alipokaa kwenye mkeka, wanawake wawili walisogea, kisha wakaondoka kabisa. Jioni mama alisonga ugali na sahani zikarudi zimejaa. Watoto walikuwa wanamtazama machoni na kukimbia.

Leo binti wa baba mdogo amenivuta pembeni akaniambia. Mganga alisema ugonjwa umetoka kwa mwanamke mzee, wa damu yao, anayekaa mbali. Alisema watamjua kwa macho mekundu akija.

Akaja mama, na macho yale.

Macho yale nimeyafanya mimi. Kwenye jiko langu, kwa ajili ya mikufu ya wageni.

Naogopa. Nilipokuwa darasa la tano kulikuwa na bibi mmoja mtaa wa pili kutoka hapa, rafiki wa mama, aliyesemwa ni mchawi. Walimkuta asubuhi amekatwa mapanga. Hakuna aliyewahi kusema ni nani. Mama ndiye aliyemwosha. Mama anajua vizuri sana maana ya kurudishiwa sahani, na mpaka sasa hajaniambia neno.

Jumapili, 26 Januari. Sola

Kikao cha ukoo kimefanyika leo asubuhi. Wanaume kwenye vigoda, sisi chini pembeni. Baba mdogo alizungumza kwa kuzunguka, hakutaja jina. Kuna mambo nyumbani, alisema, lazima yatazamwe. Wote wakamtazama mama. Mama alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Wanawake hawasemi kwenye kikao kile. Nilisimama. Nikavua mkufu shingoni, nikampa baba mdogo aushike. Nikasema hii ni ndoo. Nikaeleza tunavyoyeyusha, ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, mama akiwa juu ya jiko tangu asubuhi. Nikasema tazameni na macho yangu, yana rangi hiyo hiyo. Kama ni uchawi basi tuko wawili.

Baba mdogo akaugeuza mkufu, akanirudishia. "Moshi kila mwanamke anao," alisema. "Mbona kwa wengine hatuoni macho hayo?"

"Hamjawahi kutazama," nikasema.

Nilidhani atanifukuza. Ndipo Nkwimba akatoka jikoni. Alikuwa anapikia waombolezaji tangu alfajiri, kwa samadi kavu iliyonyeshewa usiku. Macho yake yalikuwa mabaya kuliko ya mama. Kulia na moshi, vyote. Akasimama katikati ya wanaume akiwa na mwiko mkononi.

"Mtoto wangu alikaa siku tatu kwa mganga," alisema. "Mimi nilimbeba kumpeleka kule. Baba yake alikubali. Zahanati tunaiona kutoka hapa mlangoni. Huyu mama alikuwa Bariadi."

Akarudi jikoni.

Limbu aliinuka akaenda kwenye zizi. Nilimwona ameshika nguzo, mgongo umetugeukia, mabega yanaruka. Nilitaka kumfuata, sikumfuata. Nilikuwa na hasira naye bado. Alikuwa amekaa pale muda wote, mwana wa mama yule, na hakufungua mdomo.

Kikao kikavunjika bila uamuzi. Baba mdogo akaniita kando. "Mpeleke mjini kwanza," alisema. "Mambo yatulie." Nikamuuliza kwanza mpaka lini. Akasema yatulie tu.

Jumatatu, 27 Januari

Tumerudi. Bodaboda mpaka barabarani, halafu basi. Mama alikaa dirishani. Tulipokaribia Bariadi akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, na wewe uliwaza hivyo, hata kidogo?"

Nikasema hapana.

Baadaye akauliza tena, kama vile hakunisikia mara ya kwanza.

Alhamisi, 30 Januari

Hospitali. Daktari ni kijana, alimfunua mama kope taratibu sana. Amempa dawa ya kupaka. Akauliza anapikia nini. Nikasema ukweli, nikasema mimi ndiye ninayeunguza ndoo. Hakunigombeza. Alisema tu moshi wa plastiki ni sumu, uache, na mapafu nayo hayasemi mapema. Heri angenigombeza.

Nimempigia mteja wa Lamadi. Shanga nene sifanyi tena, nikasema, za chupa na mshumaa akitaka nitamtengenezea, na ni nje, na ni siku zisizo na mvua. Amesema za chupa hazina wanunuzi wengi. Nimesema sawa.

Kikaango nimekitupa shimoni. Mama aliniona. Amesema kilikuwa bado kizima.

Jumapili, 9 Februari

Macho ya mama yanafunguka asubuhi bila maji. Weupe unarudi kwenye kona. Ana hamu ya kula.

Mimi silali vizuri. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na mlango, nakaa kitandani mpaka ipite.

Jumamosi, 15 Februari

Limbu amekuja. Hakupiga simu kwanza. Nilimkuta amesimama uani na gunia begani, amelowa. Ndani ya gunia kulikuwa na vitu vya mama: kigoda chake, jembe, blanketi, sufuria mbili, kibuyu cha maziwa kimefungwa kwa kitambaa kisivunjike. Alikuwa amefunga vizuri. Hakuna aliyemwomba avilete.

Mama alitazama vitu vile vikitoka kimoja kimoja. Akavipokea. Akakiweka kigoda ukutani, akakisogeza, akakiweka tena. Kisha akamsongea ugali, na Limbu akala wote. Mama akamuuliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi. Yule mweusi mwenye baka amezaa. Jike. Mama alifurahi kweli.

Wakati wa kuondoka Limbu alipiga magoti. "Mayu, mama yangu," alisema. Mama akamshika kichwa. "Msalimie Nkwimba," akasema. "Mwambie nimemsikia siku ile."

Limbu hakusema mama arudi lini Sola. Mama naye hakuuliza. Nilimsindikiza mpaka njia panda, nimeshika mwavuli juu yetu wote wawili.

Jumapili, 23 Februari

Jua limetoka. Mama amemwomba mwenye nyumba kipande kile nyuma ya choo, pale tunapomwaga maji. Amekubali. Jirani amempa marando ya viazi, mashina ya kupanda, mzigo mkubwa. Mama amelima matuta manne asubuhi hii, polepole, anapumzika kila tuta. Mimi nilikuwa namkatia marando na kumpokeza.

Anasema vitakuwa tayari mwezi wa sita. Ameniuliza kama mwezi wa sita tutakuwa bado kwenye nyumba hii.

Nimesema tutakuwepo.

Akainama tena, akaendelea kupanda.