Ile Ugoro Nilikuletea

Nyar Karungu, mke wangu,

Jana nimeaibisha Akinyi wetu mbele ya watu. Nataka usikie kutoka kwangu.

Msichana wako ako na mimba ya miezi saba. Mwezi jana alitoka kwa bwanake Ndhiwa akakuja kukaa kwa kaburi yako kidogo. Nikaona mdomo ya chini imefura. Ugoro. Nikamwambia atoe. Akacheka: "Baba, si mama alikuwa anaweka na mimi niko hapa?"

Lakini yeye tu ndiye alibaki. Wale wawili walimfuata hawakufika hata mwaka. Wa mwisho alienda na wewe.

Na ni mimi nilikuletea. Ulikuwa na mimba ya Akinyi, unatapika mpaka maji, na kuponda mawe ya dhahabu hapa Masara haingoji mtu. Mama yangu akasema ugoro inashika tumbo. Nikaenda mpaka Isebania, nikarudi nayo imefungwa kwa nailoni. Ukaweka, ukatulia, ukaponda mpaka jioni. Nilifurahi. Nikajiona bwana kweli. Kutoka hapo nikawa naleta tu. Hata ukinyonyesha unaweka, unasema inapunguza njaa.

Kliniki walikuuliza, "Unavuta sigara?" Ukasema hapana. Haukudanganya. Sigara haukuwahi kushika. Mimi nimekaa hapo kando, nimenyamaza. Sikujua ni kitu moja.

Ile siku ya yule wa mwisho, damu ilikuja kabla ya uchungu. Ukiisha kufa, sista wa hospitali aliniuliza kama ulikuwa unatumia tumbaku yoyote. Nikasema ugoro tu. Akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kujua kama ndiyo ilikuua, lakini inaweza kuleta hiyo damu, na inafanya watoto wanazaliwa wadogo. Nikakumbuka wale wawili. Mmoja alikuwa anatosha kwa mkono yangu moja.

Sasa hayo maneno ni ya mama na msichana wake. Mimi mwanaume naanzia wapi? Nikipiga simu, Akinyi anakata. Kwake siwezi kwenda, mzee hajipeleki tu kwa boma ya mkwe bila kuitwa. Basi jana nikaenda kumngojea kliniki yao.

Hakufurahi kuniona. Sista akamuuliza ile ya sigara, benchi yote inasikia. Akasema hapana. Nikasimama. "Sista, muulize nini iko kwa mdomo."

Wamama wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, umetumwa kukagua meno?"

Akinyi akainama. Mimi nikaendelea. Nikasema mama yake alikufa na mimba, na ugoro ni mimi nilikuwa namletea. Kicheko ikaisha. Hiyo sijawahi kusema mahali popote. Hata kwa matanga yako, watu wakisema umerogwa, nilinyamaza. Ilinifaa.

Akinyi akaniangalia. Nyar Karungu, hajawahi kuniangalia hivyo. Akaingia na sista ndani. Nikangoja. Alitokea mlango ingine akaenda.

Leo bwanake amenipigia. "Baba, amemwaga yote kwa choo. Kichwa inamuuma, anatupa sufuria, anatukana mimi na wewe." Nikamwambia amvumilie, asimnunulie hata akilia. Nyuma nikasikia sauti yake: "Mwambie huyo mzee asikuje hapa."

Sitaenda. Nitapiga simu kwa bwanake kila jioni. Hapa mgodini pia nimeanza kuambia wale wasichana wanaponda na mimba waache ugoro. Wananiita kichaa. Sawa.

Sikuombi unisamehe. Sijui nikuombe vipi. Nakuahidi tu sitanyamaza tena, kwa Akinyi wala kwa mwingine. Asiponiongelesha mpaka nife, wacha iwe. Bora azae, na akae alee.

Lala, mama Akinyi. Nimechoka. Nakuacha hapa.

Bwana yako