Uzito wa Jumamosi

Jumatatu, 5 Mei 1997

Siku ya sita ya dawa. Panya ishirini na wanne, masanduku matatu, wanane wanane. A wanapewa maji. B majani kidogo. C majani mengi. Wote wazima. C4 ameniuma kidole. Haki yake.

Asubuhi damu, mchana panya, kama kawaida. Damu ni yangu. Tangu embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, hakuna damu inayoletwa wala kitu cha kuitunzia. Najitoboa, nachanganya matone na maji ya chumvi na juisi ya majani, nangoja. Chembe zikipasuka, maji yanageuka mekundu mpaka juu. Zikiwa salama, zinalala chini na maji yanabaki safi. Leo maji safi kwenye vichupa vyote isipokuwa kile cha dozi kubwa kabisa.

Saa nane nimepima panya. Balansi yetu ni mizani ya zamani, ya mawe, haijui kama umeme umekatika.

Profesa, mkuu wa labo yetu ya chuo kikuu, anataka jibu upesi. Kwinini haipatikani, watu wanakunywa haya majani machungu kwa homa, wanawapa mpaka watoto wachanga, na hakuna anayejua dawa inaishia wapi na sumu inaanzia wapi. Mama yangu nyumbani kwetu Buyenzi ana jagi zima chini ya kitanda. Nimemwambia angoje. Amesema homa haingoji.

Siku za kazi napima mimi. Jumamosi na Jumapili anapima Leonida, mutunza panya. Nilimfundisha mwenyewe, miaka minne sasa: kumshika panya shingoni bila kumtisha, kumnywesha kwa sindano butu, kupima, kuandika kwenye kaye, daftari letu la uzito. Anatoka Carama, upande wa kaskazini, kwa miguu, anafika saa nne. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Sijamwambia.

Alhamisi, 8 Mei

Leonida amehamisha mke na watoto. Wako Kanyosha, kwa kaka ya mke, chumba kimoja watu tisa. Carama si pa kulala tena, usiku kuna risasi. Nimemuuliza yeye mwenyewe analala wapi. Akasema, “Nipo tu, Mama Radjabu.” Sikuendelea. Siku hizi mutu haulizwi mara mbili anakolala.

Uzito wa C unashuka. Kidogo kidogo, kila siku.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefungua kaye ya wikendi. Sijapenda nilichokiona.

Jumamosi panya wote wamepanda. Gramu moja, wengine moja na nusu. Jumapili hivyo hivyo. Hata C, ambao wanashuka tangu wiki iliyopita. Leo saa nane nimewapima mwenyewe: wameshuka wote kurudi pale pale walipokuwa Ijumaa. Panya ishirini na wanne hawapandi pamoja na kushuka pamoja kama watu wa kwaya.

Tena barabara ya kaskazini ilifungwa na wanajeshi Ijumaa jioni, ikafunguliwa leo asubuhi. Jirani yangu anayeuza makaa alirudishwa mara mbili. Leonida alipita wapi?

Wikendi ya kwanza tarakimu zake zilikuwa safi. Ndiyo maana nimekasirika.

Jumanne, 13 Mei

Nimemuuliza. Alikuwa anabadilisha maranda kwenye sanduku la B.

“Jumamosi ulikuja?”

“Nilikuja.”

“Ulipita wapi?”

Akaendelea na maranda. Nikarudia. Akasema, “Niliwapima, Mama Radjabu. Wote. Mutu asikuambie sikupima.”

Hakuna mutu aliyeniambia. Ni hesabu imeniambia. Nimeondoka kabla sijasema maneno ya mtaani Buyenzi.

Ijumaa, 16 Mei

Ndagala, dagaa zile za kutwanga kwenye chakula cha panya, zimekosekana sokoni. Siwezi kubadilisha chakula katikati ya kazi. Nimetoa zilizobaki jikoni kwangu. Mwanangu Radjabu amekula maharage matupu na kuuliza kama yeye ni wa sanduku gani. Nimemwambia A. Anakunywa maji na kunisumbua.

Barabara ya kaskazini imefungwa tena jioni hii.

Jumatatu, 19 Mei

Yale yale. Jumamosi wamepanda, Jumapili wamepanda, leo wameshuka. Kaye imejazwa kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Barabara haikufunguliwa hata saa moja.

Njia ya mwongo ni fupi.

Sijali mutu akichelewa. Sijali akiiba sabuni. Lakini C wanakonda, na kukonda kwao ndiyo sauti pekee waliyonayo ya kutuambia dozi hii inaumiza. Mutu anayewaongezea gramu akiwa amekaa kwake anawaziba midomo. Halafu Profesa anaandika kwamba ni salama, na mama fulani anamimina kijiko cha tatu kwa mtoto wa miezi sita. Nimewaza hivyo siku nzima. C4 ameniuma tena.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwandikia Profesa barua. Nusu ukurasa. Barabara, tarehe, uzito. Nimeisoma mara tatu, hakuna neno la uongo ndani yake. Nimeiweka mezani kwake mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Leonida amefukuzwa. Profesa alimuuliza mbele yangu: Jumamosi uliingiaje humu? Leonida akaangalia mlango. “Niliwapima,” akasema tena. Hilo tu. Profesa ni mupole lakini hana subira na mutu asiyejibu.

Amerudisha ufunguo. Aliniambia maranda mapya yako chini ya beseni, na kwamba B3 ana kidonda sikioni, nisimshike upande ule. Kisha akatoka. Alikuwa bado amevaa bluzi, lile koti jeupe la kazi. Hakuna aliyemkumbusha.

Kwa amri ya Profesa nimechora mstari mwekundu juu ya zile siku nne. Nilitumia rula.

B3 kweli ana kidonda.

Jumapili, 25 Mei

Wikendi nimefanya mwenyewe, jana na leo. Saa nane kamili zote mbili. Hakuna aliyepanda. C wanashuka mstari ulionyooka, kama walivyokuwa wanashuka siku zangu zote.

Nilikuwa na haki. Nimeandika hapa ili nisije kujitilia shaka.

Jumatatu, 26 Mei

Jana usiku milio ya risasi upande wa kaskazini, mirefu. Mama aliamka kusali. Mi niligeukia upande wa pili nikalala.

Kesho siku ya mwisho ya dawa. Nimenoa mikasi.

Jumanne, 27 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Profesa alitaka kazi ya kuua na kupasua iishe kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo nilitoka nyumbani mara kuvrefe, amri ya kutotoka usiku, ilipokwisha, nikafika labo mapema kuliko siku yoyote, kabla ya saa moja. Kwanza uzito wa mwisho. A1: amepanda gramu moja. A2: moja na nusu. Nikafikiri balansi imechoka. Nikaijaribu kwa mawe yake. Nzima. Nikaendelea. A wote. B wote. C, hata C.

Nikakaa chini.

Panya anakula usiku. Najua. Kila mutu wa kazi hii anajua. Kila asubuhi nakuta sahani tupu. Alfajiri tumbo limejaa. Mpaka saa nane mchana amelala, amekojoa, amenya, gramu imeondoka. Miaka kumi na mmoja napima panya, na miaka yote kumi na mmoja nimepima saa nane. Sikuwahi kuwaona alfajiri kwa sababu alfajiri nilikuwa Buyenzi nachemsha chai.

Wa sanduku la A sikuwaua asubuhi. Nimemwambia Profesa mikasi haitoshi. Saa nane nimewapima tena. Wameshuka. Wote wanane.

Basi zile siku nne mutu aliwapima kweli. Aliwapima alfajiri, kabla mutu hajamuona. Na barabara imefungwa na kuvrefe iko, mutu aliye ndani alfajiri ni aliyelala ndani.

Nimeingia stoo. Nyuma ya magunia ya pumba: mukeka, blanketi lililokunjwa vizuri, kipande cha sabuni, mswaki ndani ya kopo la maziwa. Nimekuwa nachota pumba magunia ya mbele kila siku.

Profesa alitangaza mwezi wa kwanza, wote tukiwepo: atakayelala ndani ya labo kazi imekwisha. Na mutu wa kaskazini akikutwa kampasi usiku, kufukuzwa kazi ndilo jambo jepesi. Kwa hiyo angejibu nini? Angesema ukweli, angefukuzwa. Alinyamaza, nikamfukuzisha. Alichokuwa nacho ni kwamba alipima, na alikisema mara mbili.

Kazi imeisha. Maini ya C yamepauka na yamevimba. Ya B ni sawa na ya A. Nimeandika yote. Sikukosea hata mstari mmoja, na hilo linanichukiza.

Jumatano, 28 Mei

Nimemweleza Profesa. Nimemuonyesha uzito wa asubuhi na wa mchana, bega kwa bega. Alivua miwani, akazisoma namba zote tena. Akasema kosa ni letu wote wawili. Nimesema apana, barua ni yangu.

Ameandika nyingine. Leonida arudi kazini, na chumba kidogo nyuma ya stoo kiwe chake mpaka hali itulie. Muhuri umepigwa. Kesho naipeleka Kanyosha, kwa shemeji yake, kwa sababu sijui pengine pa kumtafuta.

Nakwenda kulala nikiwa na furaha kidogo. Naandika hilo pia.

Alhamisi, 29 Mei

Nilijua kabla sijafika mlangoni. Watu wamekaa nje, chini, kama msibani.

Mke wake anaitwa Esperansi. Sikuwahi kujua. Swahili yake ni ya sokoni, kwa hiyo aliongea polepole na mi nikaongea polepole. Alipoachishwa kazi Leonida alikuja kwao, akaona chumba kimejaa. Akasema atarudi Carama, alale nyumbani kwake, ayatoe maharage shambani kabla hayajaozea huko. Alilala siku nne. Usiku wa Jumapili waliingia. Nani, hakusema, na sikuuliza.

“Tumemuzika juzi,” akasema.

Juzi mi nilikuwa napima.

Ile milio ya Jumapili. Nimerudi nyumbani nikasoma nilichoandika juu yake. Niligeukia upande wa pili.

Barua ya Profesa sikuitoa. Lakini nilimwambia. Nilisema: mi ndiye niliandika kwamba anadanganya. Mi ndiye nilifanya afukuzwe. Hakudanganya. Nilirudia, nikidhani hajaelewa. Alikuwa ameelewa. Aliangalia mikono yangu, haya makovu ya meno.

“Alikuwa anakusifu,” akasema. “Alisema we ndiye ulimufundisha kuandika kile anaona, hata kama ni kibaya.”

Ningependa angenipiga.

Aliingia ndani akarudi na bluzi, imefuliwa na kupigwa pasi. Alisema ni mali ya kazi. Halafu karatasi. “Hii ilikuwa mufukoni. Sijui kusoma. Ni ya kazi?”

Ni ya kazi. Imeandikwa kwa penseli, siku nne, panya ishirini na wanne, tarakimu zile zile za kwenye kaye. Na juu ya kila siku, kwa mwandiko ule wa misheni: saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na moja na robo. Saa kumi na moja. Saa kumi na moja na nusu, kulikuwa giza.

Aliandika saa. Aliiandika kwenye karatasi yake kwa sababu kwenye kaye hakuna mahali pa kuandika saa. Kaye niliichora mimi.

Majuto ni mjukuu. Nimekuwa nausema huu msemo tangu utoto, nikiwaambia wengine.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda labo ingawa hakuna panya. Nimeandika pembeni ya kila mstari mwekundu: Uzito huu ni sahihi. Ulipimwa alfajiri. Leonida. Nimebandika karatasi yake ukurasa wa mwisho kwa gundi.

Ukihesabu saa, namba zake na zangu zinakubaliana. C walikuwa wanakonda alfajiri kama mchana. Jibu lingekuwa lile lile. Hakuna mtoto ambaye angedhurika na zile gramu.

Profesa anasema jina la mutunza panya haliingii kwenye ripoti. Nimemwambia litaingia au asitafute jina langu. Atafikiri.

Mama nimemwambia apunguze majani, nusu kijiko tu, na watoto wasipewe mpaka turudie kazi. Amelitoa jagi chini ya kitanda bila kubisha. Labda ni sura yangu.

Jumatatu, 2 Juni

Panya wapya wamefika, ishirini na wanne, wadogo bado. Nimewawekea alama mkiani. Pumba, unga, ndagala. Ndagala zimepatikana.

Mukeka uko pale pale nyuma ya magunia. Sijaugusa.

Bluzi nimeitundika kwenye msumari wake.

Kaye mpya. Nimechora mistari kwa rula: tarehe, panya, uzito, dozi, aliyepima. Kisha nimechora mstari mmoja zaidi, kabla ya yote, upande wa kushoto.

Saa nane na dakika kumi. A1, gramu kumi na tisa.