Nyuki wa Mzee Bernadi wanafanya nini?

Beatha uko wapi?? Acha kila kitu usome.

Si unamkumbuka Klara, yule mwanachuo wa Kijerumani aliyekuja likizo kutafiti nyuki? Fulgence wetu wa kilimo kamfundisha Kiswahili wiki nzima. Leo baada ya misa, hapa kanisani Mapera, akapewa nafasi ajitambulishe.

Kasimama mbele anatabasamu: "Nyuki wa Mzee Bernadi wanachafua kahawa yenu yote!"

WANACHAFUA. Msimu huu wa mavuno! Kanisa zima likamgeukia Mzee Bernadi. Mmoja akasema mizinga ichomwe leo leo. Klara bado anatabasamu: "Wanachafua vizuri sana!"

Fulgence karuka kutoka benchi la nyuma: "KuchaVUSHA! Kakosea jamani, ni kuchavusha!"

Mama Kunigunda: "Ndiyo nini hiyo?"

Beatha, jasho lilimtoka Fulgence. Padri yupo, watoto wa komunyo wako mbele. "Ni… nyuki anabeba mbegu za kiume za ua hili, anaziingiza kwenye ua la jirani…"

Padri kainamisha kichwa.

Mzee Bernadi akasimama taratibu, kofia mkononi. "Bwana shamba, nyuki wangu wana heshima zao. Sema tu kwamba wanachafua."