Tangazo la Tatu

Kasanga, 5 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima, ile homa ya mwezi jana imeniacha. Goti lako je? Na Stefania, bado anaficha daftari ili asiende shule?

Naandika kwa sababu simu ya shemeji Kalisti husikilizwa na kijiji kizima, na neno hili nataka ulipate peke yako. Uledi, dereva wa fuso la dagaa, atakupa mkononi.

Mama, kuna mtu anataka kunioa. Anaitwa Benjamini, fundi wa maboti, naye alifiwa na mke. Tunasali jumuiya moja. Mwaka wa nne huu tangu tumzike Timoth wako, na sikuwa natafuta mtu. Anasema Stefania atakuwa mwanawe, aje tuishi naye huku. Ndoa ingekuwa baada ya Pasaka. Lakini sitasema ndiyo kabla hujanipa baraka.

Mkweo,
Jenifa

Laela, 19 Februari 2024

Mama Stefania,

Salamu nyingi. Goti linauma, ahsante kwa kuuliza. Dagaa wamefika.

Kuolewa, olewa. Wewe bado kijana, na machozi yako hayamfufui Timoth. Baraka unayo, na matangazo ya ndoa yasomwe hata hapa parokiani kwetu, kama inavyotakiwa. Ila wazee wa ukoo walikaa Jumamosi kwa Kalisti. Wamesema mtoto ni wa Timoth, haendi kwa mwanaume mwingine. Nami sikubisha. Sitakudanganya: nilifurahi. Nyumba hii ilikuwa na watu saba, leo tuko wawili, mimi na huyo mtoto. Usiniombe tena.

Mama mkwe wako,
Cornelia

Kasanga, 17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini Kwaresima inakwenda salama, na mvua haijalaza mahindi.

Barua yako niliisoma nikalia, nikaudhika, nikakaa karibu mwezi bila kukujibu. Nisamehe. Timoth alipougua ni wewe uliyekuwa ukimgeuza kitandani ili mimi nipate usingizi. Hilo sijalisahau. Siwezi kukunyang'anya mtoto, na siwezi kumwacha mwanangu. Kwa hiyo jana nimemwambia Benjamini basi. Aliendelea kupiga randa ubao uleule mpaka ukawa mwembamba usiofaa tena.

Paroko, aliyekwisha kutuma matangazo yetu huko, nitamwambia Pasaka ikipita. Nikimaliza kuuza dagaa waliobaki narudi Laela, tulime wote. Nimeamua mwenyewe, kwa moyo mweupe.

Mkweo,
Jenifa

Laela, 25 Machi 2024

Mwanangu Jenifa,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sikuulizi hali, naijua.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele: Jenifa anarudi, nitakuwa nao wote wawili! Ijumaa tukaenda Njia ya Msalaba. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na mama yake, Stefania akanivuta kitenge. "Bibi, mimi mama nitakutana naye kituo cha ngapi?" Nimesali nusu karne, kumbe nilikuwa nangoja kufundishwa dini na mtoto asiyejua kufunga viatu.

Jana, Jumapili ya Matawi, padri alisoma tangazo la tatu la ndoa yenu, maana huku hakuna aliyemwambia kitu. Akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Kalisti akasimama, tawi mkononi: "Padri, kuna mtoto wa ukoo hapo." Kabla hajakaa, nami nikasimama. Kanisa zima likageuka. Nikasema, "Padri, kizuizi ni mimi. Nilimshika mtoto wa mwenzangu ili nisibaki peke yangu. Leo namwachia."

Kalisti amesema ng'ombe wake wa kulimia hawatakanyaga tena shamba langu. Jembe la mkono ninalo. Wazee walikuja na hasira zao, nikawapa uji wa ulezi, nikawaambia nililosema mbele ya altare silifuti barazani. Jina la baba yake, Stefania anaondoka nalo, hakuna atakayemvua.

Wewe nenda kwa Benjamini leo hii. Mwambie aache kuharibu mbao, atengeneze kitanda cha mtoto.

Namleta mwenyewe Jumatano, na fuso la Uledi. Hapendi uji wenye sukari nyingi. Akikwambia anajua kufunga viatu, ni uongo. Na akitaka kulala hushika sikio la aliye karibu naye, usimtoe mkono. Langu la kushoto amelishika tangu tulipomzika baba yake. Sasa mpe lako.

Mama yako,
Cornelia