Wote Wametukanwa Isipokuwa Mimi

Eldoret, Jumapili, Agosti 1949. Mvua ya mawe tangu saa ya chakula, na bati linapiga kelele kama wake wenza. Baridi imeingia mpaka kwenye meno, na meno yenyewe yamebaki machache ya kuingiliwa.

Nina wivu. Naandika neno hili mapema nisije nikajifanya nilikaa kuandika habari za mvua.

Mwalimu Kiprono, anayefundisha shule ya misheni upande wa Ainabkoi, ametoa kitabu. Ni chembamba, ukikikalia hujui umekikalia. Nusu ya kwanza ni mashairi yake mwenyewe. Nusu ya pili amewapima watunzi wa hapa lokesheni, mtaa wetu sisi Waafrika, mmoja mmoja, kwa majina, kama Kaburu anavyopima ng'ombe mnadani: fungua mdomo, tazama meno, piga kofi matakoni, haya, mwingine.

Fundi Luka, anayeshona suruali pale sokoni, ameambiwa mashairi yake yana miguu minne lakini mmoja ni wa kuazima. Katekista Daudi ameambiwa yake huanza kama kengele na kuisha kama mahubiri.

Mimi sikuambiwa kitu.

Nimekisoma chote. Shuleni nilifika darasa la pili, mwalimu akahama, nikahesabu nimemaliza. Kwa hiyo nasoma kwa kidole, polepole, na kidole changu hakiruki neno. Nimekwenda mbele, nimerudi nyuma, nimechungulia hata ndani ya jalada. Jina la Lumbasi halimo. Mimi niliyekuwa natunga mashairi hapa wakati Luka bado anavaa shati bila suruali!

Jana tulikutana kwa Mama Rasoa, mpika pombe, kama kawaida, tumezunguka chungu cha busaa, kila mtu na mrija wake. Katekista hanywi. Yeye huja na kikombe cha chai na kukaa upande ambao harufu inaelekea. Nilitegemea kukuta matanga. Nilikuwa nimejiandaa kuwafariji, tena kwa furaha.

Kumbe wamevimba kama vyura.

Luka alikuwa amekitia kitabu kwenye mfuko wa shati, kichwa kikitokeza nje ili kila anayepita akione. "Mguu wa kuazima! Mimi!" alikuwa akipiga kelele. "Mpaka watu wa Burnt Forest wamesoma!"

"Wewe umepewa nusu ukurasa," Katekista akamjibu. "Mimi amenitukana ukurasa mzima, na akageuza upande wa pili."

Wakaanza kushindana nani ametukanwa zaidi. Wanaume wazima, wenye wake na watoto! Nami nimekaa katikati yao, mzima, sina hata mchubuko. Nilijiona kama mtu aliyekwenda vitani akarudi na viatu safi.

Halafu wakaanza kutunga majibu, maana mtu akikugusa kwa shairi unamjibu kwa shairi. La Luka lilikuwa na meno, nakubali, ingawa sikukubali mbele yake. Na mimi nilikuwa nimekuja na beti zangu tatu, mbili kati ya hizo zikihusu masikio ya Kiprono. Nikakohoa. Nikafungua mdomo.

"Mzee Lumbasi," Luka akasema, hata mrija hakutoa mdomoni vizuri, "sheria."

Sheria ya chungu chetu ni kwamba asiyeguswa hajibu. Na nani aliyeiweka? Mimi huyu, zamani, wakati kila mlevi alikuwa anajitia kwenye ugomvi wa mashairi usiomhusu.

"Mzee, toa mrija ulilie pembeni," Mama Rasoa akaniambia. "Machozi yataniharibia pombe."

Wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na ng'ombe halafu anasema ng'ombe mwenyewe ni mwepesi.

Leo asubuhi nilikwenda ibadani. Sikumfuata Mungu, namwomba radhi. Nilimfuata Kiprono. Nilimkuta nyuma ya kanisa akijaza upepo baiskeli yake. Aliponiona aliacha pampu, akasimama wima, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kwenye kiwiko. Adabu tupu. Ilinichoma kabla hajasema neno.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mzee."

"Basi kwa nini hukunitukana?"

Akainama kwenye gurudumu. Akapiga pampu kidogo. "Mzee, wewe ni rika la baba yangu. Kwetu mtu kama wewe hapimwi mbele ya watu. Nikikuandika kwenye kitabu, baba yangu hatanipa mkono tena."

Umeona? Heshima! Nimewekwa kama kiti cha babu: hakuna anayekikalia, hakuna anayekihamisha, kazi yake ni kula vumbi.

"Hapa hakuna watu," nikamwambia. "Kuna baiskeli tu, nayo haisemi. Haya, nipime."

Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia usoni.

"Lile shairi lako la ng'ombe wa Kaburu, Mzee. Ng'ombe amezama kwenye tope, amekufa, Kaburu anavua kofia na kulia. Halafu unatukumbusha kwamba yule mtu aliyekuwa akimswaga ng'ombe huyo alikufa kwa homa juzi yake tu, na kofia haikuguswa. Nikisoma pale naona haya kwa mashairi yangu. Lakini huachi hapo. Unaleta ubeti mzima wa kutuambia tucheke. Unacheka wewe kwanza, sisi tunabaki kukutazama. Na mengi yako yako hivyo."

Akaanza kufunga pampu.

Nilimeza asali na nyuki wake. Ilikuwa tamu na ilikuwa inauma, sikujua niteme nini. Nikamshukuru, nikaondoka mbio, mzee mzima, mpaka kwa Mama Rasoa ambako Luka na Katekista walikuwa wakinywa chai ya baada ya ibada.

"Nimetukanwa!" nikasema mlangoni.

"Ukurasa gani?" Katekista akauliza.

"Kwa mdomo. Sasa hivi. Nyuma ya kanisa."

Luka akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Mzee, hata tusi umejishonea mwenyewe!"

Nikaona baiskeli inapita barabarani. Nikatoka, nikaishika usukani kama askari. "Mwalimu! Waambie hawa ulichoniambia."

Kiprono akamtazama Luka. Akamtazama Katekista, na Mama Rasoa aliyesimama na birika. Akanipa mkono tena, ule ule wa adabu.

"Mimi? Nimkosoe Mzee wetu? Haiwezekani."

Akapanda baiskeli, akaenda zake. Hata kengele alipiga.

Sitaandika walivyocheka. Karatasi ina mwisho wake.

Kwa hiyo bado nina wivu, na leo ni mbaya kuliko jana. Namwonea Luka wivu kwa mguu wake wa kuazima. Namwonea Katekista wivu kwa ukurasa wake mzima na upande wa pili. Na Kiprono ndiye namwonea zaidi ya wote, kwa sababu aliona. Nimekaa na shairi lile miaka mingi, nikilisoma kwa walevi na kwa watu wa kanisa. Wote walicheka nilipowaambia wacheke, nikadhani ni kazi yangu nzuri. Kijana mmoja mwenye masikio makubwa akalisikia kilema chake.

Mvua ilipozidi nililitoa sandukuni. Nikalisoma kwa kidole mpaka pale kwenye kofia. Nikasimama. Ikabaki kelele ya bati tu, na ile kofia isiyoguswa. Kisha nikasoma ubeti wa mwisho, nikasikia mzee anacheka peke yake ndani ya nyumba.

Nimeukata, kwa kisu cha kumenyea viazi. Luka akiniuliza ubeti umekwenda wapi, nitasema ni panya.

Kiprono hataniuliza. Ana adabu mno, mshenzi yule.