Kiti Kilichopakiwa Mzigo

Bariadi,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kaka yangu Muksini,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, wewe na shemeji Asumini na watoto wote. Sisi huku nyumbani tunamshukuru Mungu. Goti la mama linamsumbua tangu mvua zianze, lakini kila asubuhi anajikongoja hadi dukani, na bado anamkosoa mdogo wetu Zamda jinsi anavyopanga misumari. Pamba imeota vizuri mwaka huu. Wakulima wanakuja kununua mabomba ya kupulizia dawa, kwa hiyo duka la marehemu baba halijalala.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Umenipigia mara nyingi na sikupokea. Sikukusudia dharau, kaka. Kwenye simu tungekatizana, na wewe ndiye mkubwa, ningenyamaza kama kawaida yangu. Hii utaisoma peke yako hadi mwisho.

Umeuliza kwenye ujumbe wako naendeleaje na lini narudi kazini. Nianze na la kwanza.

Mwili ni mzima. Nakula. Ila wiki chache baada ya kumzika Kapteni Paschal, Zamda alinifuata stoo akaniuliza nani alikuwa ananiita. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema, mbona umeitika? Umesema nipo, nipo, nipo. Nikacheka, nikadhani ananitania. Kesho yake mteja mmoja aliniuliza bei ya bati, nami nikamjibu, "Nipo, endelea." Yule mzee akanitazama, akaweka kofia yake kichwani, akaondoka. Sasa inanitokea mchana kweupe, nikiwa nimesimama, macho yangu yakiwa wazi. Mama amemwita shehe akanisomea dua. Jirani yetu Minza naye akanivuta pembeni, akasema huyo marehemu anataka kitu kutoka kwangu, na nisipompa hataniacha. Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua. Lakini sikumbishia.

Labda wewe hujui kwa nini ninaitika neno hilo. Nitakueleza, maana sijamweleza mtu wa kampuni.

Unakumbuka mkutano wa marubani na uongozi, ule wa kutangaza kubana matumizi. Wewe ulikaa mbele kama mkuu wa uendeshaji, mimi nikakaa nyuma na wenzangu, na hatukusalimiana kama ndugu. Mlisema mishahara inapunguzwa, posho za safari zinafutwa, na ndege ndogo za mizigo zitarushwa na rubani mmoja ili kiti cha pili kibebe mzigo. Watu walinung'unika sana kuhusu mishahara. Wapo waliosema wanadaiwa kodi, wapo waliosema wanatafuta kazi Nairobi. Paschal ndiye aliyesimama. Alisema, "Mkitupunguzia mishahara tutalalamika, halafu tutazoea. Msitupunguzie usingizi." Wewe ukajibu kwamba asiyeweza aseme, kwa sababu vijana wenye leseni wamejaa getini. Niliona haya siku ile, kaka. Wenzangu waligeuka wakanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema.

Baada ya hapo marubani tukatafuta njia yetu. Anayeruka peke yake amechoka, mwenzake aliye chini anakaa kwenye redio ya kampuni anamwongelesha ili asisinzie. Hatukuwaambia ninyi wakubwa. Tuliongea mpira, tuliongea wake zetu, tuliongea upuuzi wowote.

Asubuhi ya ajali Paschal alifika uwanjani macho mekundu. Alikuwa ameruka siku zote za wiki bila kupumzika, kwa kuwa wawili walikuwa wameacha kazi na hamkuajiri wengine. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya vilima upande huu wa kwetu. Akakupigia simu huku anavaa koti, kwa hiyo aliweka sauti ya nje, nami nilikuwa nimesimama pembeni yake. Alikuomba mambo mawili: apumzike hadi mchana, au niende naye. Ukamwambia, "Kiti cha Gharib kimeshapakiwa mzigo. Kama umechoka, sema, kuna anayekisubiri chako." Akasema sawa, bosi. Akazima simu, akanitazama, akaniambia kwa upole, "Kaka yako ana presha kubwa, usimchukie." Kwenye kiti changu kulikuwa na makreti ya soda na gunia la vitunguu, vya kambi ya watalii Serengeti. Alivifunga mkanda mwenyewe.

Nilikaa kwenye redio. Nilimuuliza habari za pamba ya baba yake kule Ngulyati, akanisimulia jinsi mzee anavyogombana na mbuzi wa jirani. Alicheka. Halafu majibu yakawa mafupi. Halafu akauliza, "Gharib, bado upo?" Nikasema nipo. Hakujibu. Nikasema nipo, Kapteni, endelea. Niliendelea kusema hivyo, nikapandisha sauti, nikamwita kwa jina lake la utotoni, mpaka Veronica wa ofisini akaja akanitoa redio mkononi, kidole kimoja baada ya kingine.

Hiyo ndiyo sauti ninayoiitikia.

Kwenye mazishi ulikuja na shada kubwa. Ulisema vizuri, watu walilia. Baadaye mzee Novatus, baba wa marehemu, akakusogelea, akakuuliza kwa Kisukuma kwa nini mwanawe alikuwa peke yake ndani ya ndege. Ukageuka, ukaomba mtu akutafsirie. Wewe, Muksini, uliyecheza na watoto wa wachungaji hapa Bariadi, uliyejua Kisukuma kabla hujajua kusoma! Mtafsiri alipomaliza ulisema uchunguzi unaendelea. Kisha ukanipeleka kwenye gari, ukaniambia wachunguzi wa ajali wakiniuliza, niseme Paschal hakuwahi kulalamika, na kwamba alipuuza hali ya hewa. Ukaniambia mwaka huu huu nitakuwa kapteni. Ulinipiga bega ukashuka. Nafikiri uliondoka ukiamini tumekubaliana.

Tangu wakati huo nimekuwa nikienda Ngulyati. Mwanzoni nilikwenda kumsaidia mzee kupalilia, maana mikono yangu ilitaka kazi. Ananipokea kwa "mwangaluka, ng'wanone", ananiita mwanawe, nami moyo unanichoma. Mchana ndege yenu ya mizigo inapita pale juu. Sasa anairusha kijana mmoja mliyemwajiri, naye yuko peke yake. Mzee anaacha jembe, anaweka kiganja juu ya macho, anaifuata mpaka inapotelea. Siku moja nikamwambia, baba, yule si Paschal. Akasema, "Najua. Lakini nisipotazama, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Halafu akaniuliza kama mwanawe alikuwa amelala. Nikamwambia ndiyo, naamini alilala. Alikaa chini palepale kwenye tuta. Nilidhani nimemuumiza. Kisha akasema, "Basi hakuogopa." Akanishukuru. Yeye akanishukuru mimi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa nzito tangu mstari wa kwanza.

Wachunguzi walikuja Bariadi Alhamisi. Tulikutana kwenye chumba cha mkutano cha nyumba ya wageni. Mama alitaka kuja, nikamkatalia, akaja. Akakaa nyuma na mtandio wake. Nimewaambia yote, kaka. Mkutano, ratiba, redio. Nimewaambia juu ya simu ile, neno kwa neno, na waliponiuliza aliyekuwa upande wa pili ni nani, nimewatajia jina lako kamili, pamoja na jina la baba yetu. Wakaniuliza kama nina uhusiano naye. Nikasema ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Marubani wengine watatoa ushahidi wao pia. Walikuwa wakisubiri kuona kama mimi nitasema.

Tulipotoka, mama hakunilaumu wala hakunisifu. Alishika mkono wangu kwa sababu ya ngazi. Kufika nyumbani akasema, "Muksini ni kifungua mimba changu. Sitamtetea kwa uongo, wala sitamfungia mlango. Ila akija, apitie kwanza Ngulyati." Kisha akaingia chumbani, na tukamsikia analia, Zamda na mimi, hakuna aliyethubutu kugonga.

Kuhusu kurudi kazini: sirudi. Huenda siku moja nitaruka tena, kwingine. Sitaki ukapteni ule.

Watakuita wiki hii au ijayo. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwao. Nitakuwepo siku hiyo, nitayarudia maneno yaleyale mbele yako. Ukiyakana, sitanyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Ukiyakubali, nitatoka nawe mlangoni, na yeyote atakayetaka kukutukana huko nje atatukuta wawili.

Mama anakusalimu; amesema niandike hivyo, bila kuongeza. Zamda anawasalimu watoto, amewafungia karanga kwenye mfuko huu huu aliopewa dereva wa basi. Mfikishie shemeji Asumini heshima zangu, na umweleze wewe mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Mungu akupe ujasiri, na mimi anipe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,

Gharib