Pete ya Prisila Niliyoichemsha na Ndimu

Dada Romana, mshauri wetu wa gazetini, salamu nyingi kutoka Sitalike, mimi mzima, mume wangu Gervas mzima isipokuwa mgongo, binti yangu Emelyne mzima na mapacha wake wanatambaa, mwanangu mkubwa Libérat anakula ila haongei, na hapo ndipo naomba msaada wako.

Libérat alimvisha mchumba wake Prisila pete yenye jiwe la kijani, peridoti wanaliita, siyo la bei kubwa ila linang'aa kama jani la mpunga, na muuzaji pale Majengo alimwambia hilo jiwe linajua, binti akitembea na mwingine linapata ukungu. Sasa Prisila alikuja kunisaidia kutwanga kisamvu, akavua pete akaisahau dirishani, nikasema mkwe wangu huyu nampenda, ngoja nimng'arishie, nikaisugua kwa majivu kama sufuria, nikaichemsha na ndimu, nikaitosa kwenye maji ya mtungini ipoe, ikalia ta! Nikairudisha dirishani kimya. Libérat kuiona ina ukungu na ufa akamwambia Prisila, "Jiwe limesema, harusi basi." Prisila analia kwao wiki ya pili, na mimi nikisema ukweli wataniita mchawi. Nijibu upesi dada, hata mstari mmoja.

Mama Libérat

Mama Libérat, pole, na aibu juu yako. Nimemuuliza Amri, sonara wa mjini, akacheka mpaka akaweka koleo chini. Jiwe hilo majivu yenye mchanga hulikwaruza, ndimu hulila, na kutoka kwenye moto kuingia kwenye maji baridi hulipasua. Basi. Halijui nani kalala na nani. Jiwe la kufichua wazinzi lingeuzwa bei ya kandambili? Na mwanao, mwanaume mzima mwenye ndevu, kamwacha msichana kaenda kuuliza kokoto!

Wewe unaogopa kuitwa mchawi. Mchawi angemfanyia Prisila nini zaidi ya hiki?

Mchukue Gervas na mgongo wake, mchukue Libérat, nendeni kwa wazazi wa binti leo. Useme mbele ya wote kama ulivyoniandikia, majivu, ndimu na ule mlio. Libérat aombe msamaha yeye mwenyewe, na Prisila akimkataa usimbembeleze, atakuwa ana akili kuliko nyie wote.

Umetaka nijibu upesi, nimejibu. Prisila bado anangoja jibu lako.